Nani Aliziba Chemchemi ya Ibwengu

1

Tuanze na jambo lisilo na ubishi: katika bonde zima la Songwe hakuna mguu msafi kama wangu. Wapo waliovusha chachu ya kujengea kwa magurudumu ya baiskeli, wapo waliovusha kwa kwato za mbuzi, na yupo mama mmoja wa ng'ambo aliyevusha kwa pindo la kitenge, akaamka akakuta jiko lake la mkaa limeota mwamba. Mimi, Asajile, ambaye wanaonipenda na wasionipenda wote wananiita Kokoto, tangu nimalize kidato cha sita nikashika nyundo ya jiolojia, sijawahi kuhamisha kijidudu hata kimoja kutoka pale mwenyewe alipokiweka. Kama kungekuwa na cheti cha miguu, kingekuwa kimetundikwa sebuleni kwetu.

Haya. Siku ninayoisema nilikuwa nimesimama ndani ya msingi wa wodi ya wazazi ya kijiji cha Ibwengu, buti zangu zimezama kwenye mchanga mbichi, namwangalia dada Sekela anavyoulisha ukuta.

Nikisema kuulisha, namaanisha kuulisha. Mchanga ulikuwa umeshindiliwa katikati ya mbao, na dada Sekela alikuwa anapita juu yake na kopo la kumwagilia maua, lile lenye pua ndefu, ndani yake mna chakula: nusu maji ya chokaa, nusu mkojo wa kijiji. Mkojo wa kijiji ni mkojo wa kijiji, msinitake nifafanue. Kila nyumba ina ndoo yake, na asubuhi ndoo zinamiminwa kwenye pipa la bluu nje ya ofisi ya kijiji. Ukianza kujenga, ndugu wanakuja na madumu, wanakunywa chai mpaka matumbo yanalia, wanapiga soga, wanachangia. Shangazi asiyechangia msingi wako anasemwa mpaka siku ya arobaini yake.

"Kokoto, toa hilo buti hapo kwenye kona," dada Sekela alisema. "Unamkalia mtoto kichwani."

"Mtoto yupi, dada? Huu si mchanga?"

"Leo mchanga. Subiri ushibe, halafu uje uupige na hiyo nyundo yako tuone nani atalia."

Nikasogea. Na kweli, ungerudi pale baada ya chachu kula milo yake ungekuta jiwe. Ukivitazama vile vijidudu kwa darubini ni vijiti vifupi tu, havina hata sura. Lakini vinakula urea iliyomo kwenye mkojo, na vikishakula, maji yanayovizunguka yanakuwa makali kama ya magadi. Chokaa iliyoyeyuka haiwezi kuendelea kuyeyuka katika maji kama hayo. Inaganda, na inaganda pale pale ilipo, juu ya chembe za mchanga. Chembe inashikana na jirani yake, jirani na jirani yake, mpaka ukuta mzima unakuwa ukoo mmoja. Saruji ilipofika bei ambayo watu waliacha kuoa kwa sababu hawana pa kumweka mke, chachu ndiyo iliyorudisha harusi mjini.

Kila fundi ana chachu yake, anaitunza mtungini kama mtu anavyotunza mbegu ya mtindi, na hazifanani. Ya dada Sekela aliachiwa na mama yake. Inaacha jiwe la rangi ya asali. Unasimama ng'ambo ya mto unahesabu kuta zake bila kuuliza mtu.

Sasa, kwenye mlango wa kila jengo la chachu kuna beseni la siki. Unatoka kwa kulikanyaga, miguu yote miwili, unasubiri mapovu yaishe, kwa sababu siki inaiyeyusha chokaa na kuviua vijidudu vilivyojificha ndani yake. Juu ya beseni kuna kibao, na maneno ni yale yale kila kijiji: SIKI KWANZA. USIKOJOE NJE YA PIPA. Babu yangu anasema enzi zao tangazo la kukojoa liliandikwa ukutani kwa sababu ya harufu tu. Watu wa zamani walikuwa wanaishi kwa raha sana.

Tatizo langu lilikuwa buti. Zilikuwa mpya, za ngozi, kahawia iliyoiva, mjomba kaniletea kutoka Tunduma, na siki inaifanya ngozi ipauke kama goti la mtoto aliyetoroka kupakwa mafuta. Dada Sekela alikuwa amenipa mgongo. Nikaliruka beseni. Niliruka vizuri, sitaki kujidharau.

"Umekanyaga?" aliuliza bila kugeuka.

"Mpaka nimenukia kachumbari."

Akacheka. Nami nikapanda kwenda chemchemi kupima joto la maji. Jua lilikuwa kali, nikawa nakunywa maji njia nzima, na nilipofika juu, kwenye ufa ambako maji ya moto yanatokea, hapakuwa na pipa, hapakuwa na kibao, wala hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mvuke tu, mzito kama pazia.

Mnajua tena.

2

Chemchemi ya Ibwengu iko juu ya kijiji, mahali ambapo bonde lilipasuka zamani na ardhi haijaamua mpaka leo kama inafunga au inaendelea. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanakwenda chini kabisa, yanachemka huko, yanarudi juu yamebeba chokaa. Yakikutana na hewa yanaiacha kidogo kidogo, ndiyo maana mteremko wote ni ngazi nyeupe, moja chini ya nyingine, kama shuka lililokunjwa na mtu mwenye haraka. Hizo hakuzijenga fundi. Zinajijenga zenyewe, taratibu kiasi kwamba mtu anazaliwa na kuzeeka bila kuona tofauti.

Na juu ya ngazi hizo imetanda mikeka ya Bupe.

Bupe ni mwenzangu. Chuo kimetutuma pamoja, mimi nishughulike na mawe, yeye ashughulike na vijidudu. Mikeka ni utando wa vijidudu vya asili, rangi ya chungwa pale penye moto, kijani pale maji yanapopoa, na Bupe anaamini ilikuwepo kabla ya miti. Anaiamkia asubuhi. Nimemsikia kwa masikio yangu. Mimi ananiamkia akikumbuka.

Wiki kadhaa baada ya siku ile ya wodi, maji katika tangi la kijiji yalianza kushuka. Mwanzoni watu walimlaumu fundi bomba, kama ilivyo desturi. Bomba likafunguliwa, likakutwa zima. Ndipo Bupe na mimi tukapanda juu.

"Kokoto, njoo hapa," Bupe aliita. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ufa.

Ufa ulikuwa umeota fizi. Sina neno lingine. Fizi za jiwe, laini, rangi ya asali, kushoto na kulia, zimebana mdomo mpaka maji yanatoka kwa mluzi.

Nikajifanya nafunga kamba za buti.

"Hili si jiwe la hapa," Bupe alisema.

"Labda limehamia. Limekuja kutafuta kazi."

Bupe alivunja kipande kidogo kama punje ya mahindi, akakisaga, akakitia kwenye kisomaji, kile kidude chake chenye ukubwa wa kisahani cha sabuni ambacho kinasoma chembe za urithi za kijidudu chochote na kukutajia ukoo wake. Tukasubiri. Mimi nilikuwa nasimama, nachuchumaa, nasimama tena.

Sauti ikatoka kwenye mvuke, chini yetu kidogo. "Mwanangu Kokoto, mayai yangu siku hizi yanaiva kwa kubembelezwa. Umeyafanya nini maji yangu?"

Alikuwa mama Gwakisa. Huyu anachemsha mayai na mahindi katika kidimbwi kilicho chini ya ufa, anayatia kwenye kikapu, anakizamisha, hana habari na kuni wala mkaa, anawauzia wageni wanaokuja kuogesha magoti yao yanayouma. Mvuke ukiwa mzito humwoni. Unaona kikapu kinapanda na kushuka chenyewe.

"Shikamoo, mama. Mimi tena?"

"Marahaba. Si wewe ndiye mtaalamu?"

"Mtaalamu wa mawe, mama. Ya mayai muulize kuku."

Kisomaji kililia. Bupe akakitazama, akakifuta kwenye suruali, akakitazama tena.

"Chachu ya Sekela," alisema.

"Haiwezekani."

"Ndiyo hii. Kuna mtu kaileta hapa na kuipa mkojo. Ikashika. Maji yenyewe yana chokaa kuliko ile anayokoroga Sekela, halafu ni ya moto, inakua kwa kasi ambayo haijawahi kuiona. Na sasa mkojo umeisha, unajua inakula nini?" Alinyoosha kidole. Mkeka wa rangi ya chungwa uliokuwa karibu na ufa ulikuwa umepauka, umekatika pindo. "Inakula hii. Imejifunza."

Nikasema kwamba hiyo ni akili. Nilisema hivyo kwa kuwa mdomo wangu ukiogopa unafunguka wenyewe.

"Akili gani? Wakijua watafanyaje, unajua? Watamwaga siki chemchemi nzima. Lori zima. Watakuwa wameua chachu, na mikeka yote mpaka bondeni."

"Hakuna njia ndogo?"

"Ipo." Alinionyesha bomba la sindano mfukoni mwake, lile analochukulia sampuli. "Chachu inapohamia mahali inakuwa na kitovu, pale ilipotua kwanza. Ukikichoma kitovu kwa siki kali, kidogo tu, hii nyingine inayozunguka inalegea yenyewe, kwa sababu inalishwa kutoka pale. Lakini kitovu kipo chini ya jiwe, na ufa huu una urefu wa nyumba. Nianze wapi kutoboa? Nikitoboa pabaya maji yanatafuta njia nyingine, tunaikosa chemchemi kabisa." Akasimama, akapangusa magoti. "Anayejua ni yule aliyeileta. Mtu mmoja tu."

"Na huyo hatajitokeza."

"Kwa nini?"

"Mawazo yangu tu," nikasema.

Tukashuka. Bupe alikuwa anafikiria mikeka. Mimi nilikuwa nafikiria hatua nne tano kutoka kwenye jiwe moja lililoinuka kando ya ufa, mkono wa kulia ukiwa umeelekea bondeni. Nilikuwa naona mahali penyewe kama naona sahani yangu ya wali.

3

Habari ilifika kwa Bwana Mwashitete, afisa chachu wa tarafa, kabla hatujamaliza kula. Bupe ndiye aliyempigia. Sheria ni sheria, na Bupe ni mtu anayesoma maelekezo ya nyuma ya pakiti ya biskuti.

Kesho yake nilimkuta dada Sekela ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya wodi yake. Mtungi ulikuwa kando, umezungushiwa utepe mwekundu wa serikali kama zawadi ya harusi. Kopo la kumwagilia lilikuwa limelala ubavu.

"Usiingie," alisema. "Tumefungiwa."

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Basi salimia."

"Habari za mchana, dada."

"Mbaya." Alipeleka kidole kwenye kona ya ukuta, kona ile ile, akaikwangua. Mchanga ukamwagika kama sukari iliyotobolewa mfuko. "Umeona? Haujashiba. Ulikuwa umebakiza milo michache tu. Mvua zikinyesha ukiwa hivi, wodi yote inakwenda mtoni, na wale wanawake wataendelea kuzaa chini ya turubai."

"Mwashitete anasemaje?"

"Keshokutwa, mbele ya watu, kule juu chemchemini. Kisomaji kinasema ni yangu, na kweli ni yangu. Nitamkataa mwanangu? Wataichemsha. Mtungi wote, kwenye moto, watu wakitazama." Akavuta pua. "Mama yangu aliniachia vitu viwili, chachu na kisukari. Wangechagua vizuri kidogo basi, wakachemsha kile kingine."

Mimi mtu akitania nikiwa na shida, napata nguvu. Yeye akitania, nilitaka kukimbia.

"Nimefikiria usiku kucha," aliendelea. "Wanawake wa pipa, wale wanaoniletea chakula cha ukuta, wanaingia peku, wanakanyaga siki mpaka vifundoni, nawaona. Mbuzi hawafiki hapa. Mimi mwenyewe sijapanda chemchemini tangu Pasaka. Na wewe ulikanyaga."

Halikuwa swali. Aliliweka tu pale katikati yetu.

"Nilikwambia," nikasema.

"Uliniambia, ndiyo."

Hapo ndipo palikuwa mahali penyewe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nami nikaona kilicho nyuma yake: anayevusha chachu anafutiwa kibali cha kuingia mabonde ya chokaa, nchi nzima, hakuna rufaa. Mwanafunzi wa jiolojia asiyeruhusiwa kugusa chokaa akiwa Mbeya ni sawa na dereva aliyekatazwa barabara. Ningerudi kwetu kuuza vocha. Mjomba angezitaka buti zake.

"Dada Sekela," nikaanza.

Akaniangalia.

"Umekula?"

"Nimekula, mdogo wangu," alisema polepole. "Nenda."

Nikaenda. Nilizunguka kijiji siku hiyo na siku iliyofuata kama kuku aliyepoteza mahali pa kutagia. Nilikaa kijiweni kwa mshona viatu nikaondoka kabla hajaniuliza habari. Nilianza kuosha nguo, nikaziacha kwenye maji. Nilipanda nusu ya njia ya chemchemini na dumu la siki nililoomba kwa mama ntilie, nikamkuta mgambo wa Mwashitete amekaa juu ya ngazi anakula mahindi, nikarudi nalo. Kila nilipopita karibu na tangi la kijiji nilisikia ndoo zinakwangua chini.

Na katika kuzunguka huko, kichwa changu, ambacho shuleni kilisifiwa sana na walimu wasiojua kitatumika wapi, kikanipa njia ya tatu. Njia nzuri. Isiyomuumiza mtu. Hata nikala.

4

Watu walikuwa wengi kule juu, wamekaa kwenye ngazi nyeupe kama wako uwanjani. Chini barabarani lilikuwa lori la siki, unalisikia harufu kabla ya kuliona. Juu, karibu na ufa, Mwashitete alikuwa amewasha moto na kuteleka sufuria ya shule. Mtungi wa dada Sekela ulikuwa kando ya sufuria, mdomo wazi. Dada Sekela alisimama kando ya mtungi, amevaa gauni la kanisani.

Maji yalikuwa yanatoka uzi mmoja. Mluzi ulikuwa umekwisha. Mama Gwakisa alikuwa na kikapu chake miguuni, kikavu, mayai mabichi ndani. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzima mzima, bila mvuke.

Mwashitete ni mtu mwembamba, mchovu, mwenye vijiji vingi kuliko viatu. Alisoma kifungu. Akamuuliza Bupe, Bupe akasema kisomaji kimesema nini. Akamuuliza dada Sekela, dada Sekela akasema chachu ni yake na hajui ilifikaje. Halafu akanigeukia.

"Wewe kijana wa mawe. Wewe si mtu wa hapa, huna ndugu wa kumtetea. Unasemaje?"

Nikasimama kwenye ngazi. Nikakohoa kidogo, kitaalamu.

"Bwana Afisa, na ninyi wazazi wangu. Naomba kuuliza. Hii ngazi niliyoikanyaga, fundi wake nani?"

Watu wakatazamana.

"Hana fundi. Wala ile pale. Maji haya yamekuwa yanajenga mawe tangu bonde lilipopasuka, hayajawahi kungoja chachu ya mtu. Na kuziba si ajabu. Pandeni kule nyuma ya kilima, mtakuta midomo mingine ya chemchemi iliyoziba yenyewe kabla babu zetu hawajafika. Sasa kumbukeni lile tetemeko dogo la hivi majuzi, lililoangusha sahani. Tetemeko linafungua njia mpya chini, maji yanapita kwenye miamba yenye chuma, yanakuja yamebeba kutu. Chokaa ikichanganyika na kutu inakuwa na rangi gani?"

"Kama asali," mtu akasema.

"Kama asali. Asante, mzee."

Kila nilichosema kilikuwa kweli. Naapa. Ungekipeleka kipande kimoja kimoja kwa mwalimu wangu angekiwekea alama ya vema. Ni vile nilivyovipanga tu.

"Na kisomaji?" Mwashitete aliuliza.

"Kisomaji kinasoma mpaka vumbi, Bwana Afisa. Kijiji hiki kimejengwa na dada Sekela. Upepo ukivuma tunaoga chachu yake. Ukikiweka hicho kidude kwenye sikio la Bupe kitakuambia ni mtoto wa Sekela."

Watu wakacheka. Nilimtazama Bupe, nikidhani atanikatiza. Alikuwa ameangalia mikeka yake, ile iliyobaki, na nikaona anavyotaka kuamini. Akakitia kisomaji mfukoni.

Mwashitete alikuwa na uso wa mtu aliyepunguziwa mzigo. "Kwa hiyo ni asili."

"Ni asili."

"Kama ni asili, sheria haituruhusu kuigusa. Wala siki wala nini." Akamwashiria mgambo, mgambo akaondoa kuni chini ya sufuria. "Lori lirudi. Fundi, chukua mtungi wako."

Dada Sekela hakuuchukua. Alikaa chini pale pale, na gauni lake, akaukumbatia. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, na mimi nikapigwa mgongo na mikono ambayo sikuona ni ya nani. Wodi imepona. Mikeka imepona. Mimi nimepona. Nilikuwa nimeshapanga kurudi mwenyewe, siku yoyote mgambo akishaondoka, na siki kidogo na tindo, nikichome kile kitovu bila kelele. Labda wiki ijayo. Labda maji yangengoja.

"Basi maji ndiyo yamekwisha?" aliuliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakumuuliza mtu hasa. "Tukachote wapi?"

Mwashitete alikunja karatasi zake. "Hiyo ni kazi ya Mungu, mama. Mtachimba kisima."

"Kwenye mwamba huu?"

Vigelegele vikapungua. Nilijikuta nashuka ngazi, nikitafuta pa kuweka mikono.

"Mwanangu, hebu ngoja kidogo."

Mama Gwakisa alikuwa amesimama. Alikuwa amejifunika nusu ya uso kwa khanga, kama mtu anayepita mbele ya wakwe.

"Bwana Afisa nisamehe, na ninyi wenzangu nisameheni, ninayotaka kusema si ya kusemwa na mtu wa umri wangu. Kuna vitu mama akiviona anageuza uso. Mimi siku ile niligeuza uso. Nikasema, kijana kajisahau, ana joto, Mungu amsaidie. Nisingelitaja mpaka naingia kaburini, kwa aibu yake na aibu yangu." Akavuta pumzi. "Lakini masikio hayageuki. Alikuwa anaimba."

Nilisikia uzi ule wa maji. Nadhani kila mtu aliusikia.

"Nani alikuwa anaimba?" Mwashitete aliuliza.

"Huyu mtaalamu. Wimbo wa timu ya mpira. Mpaka kwenye kibwagizo alikuwa hajamaliza, nikawa nasema moyoni, huyu mtoto alikunywa nini?" Hakuna aliyecheka, wala yeye hakuwa anachekesha. "Nimenyamaza kwa sababu nilisema ana mdomo, atasema mwenyewe. Leo nimemsikia akisema. Amesema vizuri sana."

Dada Sekela aliinua kichwa kutoka kwenye mtungi. Akazitazama buti zangu. Bupe ndiye aliyekuja, polepole, anashuka ngazi moja moja, na alipofika kwangu alikuwa ameshalitoa bomba la sindano mfukoni.

"Wapi?" alisema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, huwa ninalo. Nilitafuta kila mahali ninapowekaga maneno, nikakuta pamefagiliwa.

"Kokoto. Sitaki hadithi. Ufa una urefu wa nyumba. Ulisimama wapi?"

"Mimi nilimwona mgongo tu," mama Gwakisa alisema. "Mvuke ulificha miguu. Ningejua ningewaambia." Akanikaribia, akashusha sauti, ingawa kwa kimya kile hata walio kwenye ngazi ya mwisho walimsikia. "Tuonyeshe tu, mwanangu. Kasimame vile vile ulivyosimama. Tutageuza nyuso."

Na wakageuza. Kijiji kizima, wazee kwa watoto, dada Sekela na mtungi wake, Mwashitete na karatasi zake, wakageukia bondeni, wakaniachia mlima. Bupe peke yake ndiye aliyebaki ananitazama.